Oili Chafu Imemwagwa Pasipofaa

Mliokuwapo duarani, kwenye machimbo ya Rwamgasa, jioni ile mliona wenyewe. Matimba yalipangwa sawasawa, kamba ilikuwa nzima. Kazi ya chini haina lawama. Kosa lilifanyika juu, kwenye dumu la oili chafu.

Msafara wa sungusungu, wale chungu wanaowala mchwa, ulishaanza kazi kwenye magogo yanayosubiri kushushwa shimoni. Wale wakubwa wanapasua udongo waliojengea mchwa, wadogo wanazama ndani kuua na kuburuta, kisha mkubwa mmoja anakusanya mchwa kadhaa mdomoni na kuondoka nao. Ndipo mtu akainua dumu na kuwakatia njia. Waliokwama kwenye oili wakafa, waliobaki wakatawanyika, na mchwa wakapata nafasi ya kuziba tundu. Oili ile ile ingepakwa kwenye magogo ingewafukuza mchwa. Ikamwagiwa anayewala! Nimepiga kelele miaka mingi kuhusu zebaki na leo narudia: machimboni tunawahi mno kumwaga kabla ya kutazama.

Utetezi ni kwamba wanauma na wananuka. Wanauma, kweli. Ila hawa si siafu, ambao vibarua wao hawana macho na hushambulia karibu chochote wanachokikuta. Sungusungu wanafuata mchwa tu. Mpelelezi hutoka peke yake, akiwapata hurudi kuita wenzake, mara nyingi 200 hadi 500, na kuwaongoza mwenyewe. Watafiti waliowafuatilia Comoé, Kodivaa, walieleza mwaka 2018 kwamba mpelelezi anaporudi mara nyingi huacha kukatiza majanini, akazunguka penye uwazi hata kama ni mbali, maana huko anafika upesi. Basi msishangae kuwa walipita mbele ya karasha, mashine yetu ya kusaga mawe. Tulipafyeka sisi.

Na oili ilimwagwa njia ya kurudi, wanakopitishwa majeruhi. Sungusungu aliyekatwa miguu na askari wa mchwa hubebwa hadi kiotani, wenzake wakamlamba kidonda. Katika majaribio ya Comoé, majeruhi walionyimwa matibabu hayo walikufa asilimia 80 ndani ya saa 24. Waliolambwa, asilimia 10 tu.

Watazamaji wa chungu wa zamani walituzidi uvumilivu. Felix Santschi, daktari aliyekuwa akiganga watu Kairouan, Tunisia, alichukua kioo mwaka 1911, akamkinga chungu asione jua, akamrushia mwanga wake kutoka upande wa pili. Chungu akageuza safari. Kwa kioo kimoja, bila mradi wala semina, Santschi alionyesha kuwa chungu huyo anashika njia kwa kutazama jua. Sisi tulikuwa na msafara mzima miguuni petu na hatukuutazama hata dakika tano.

Kina mama wa karasha walikuwa tayari kusogeza makarai, niliwasikia wakisema. Wangesikilizwa, msafara ungepita na mizigo yake, magogo yangebaki na mchwa wachache, na dumu lingekuwa bado limejaa kwa ajili ya kupaka.