KOVU LA ERICA KANE: TAMTHILIA ZA SABUNI NA MAMBO YA DUNIA

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, ushairi na tamthilia za jukwaani, na fasihi simulizi nayo imekwisha kupata heshima yake. Lakini thubutu kutaja tamthilia ya mfululizo ya televisheni, ile inayoonyeshwa mchana kila siku kwa miaka na miaka, uone wenzako watakavyokucheka: "Wewe nawe! Hayo si ya kuulia muda tu?" Mimi ni shabiki wa tamthilia hizo, hasa zile kongwe za Marekani, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wasomi. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba hii ni fani kamili yenye kanuni zake. Nitadai pia kwamba inapogusa mambo yanayoitikisa jamii, mhakiki anayo haki ya kuiuliza swali moja kubwa: je, jambo hilo limeacha kovu kwa wahusika, au limepita kama upepo?

Tuanze na asili. Mwaka 1930, mjini Chicago, mwanamke aitwaye Irna Phillips alianza kuandika mchezo wa redio wa kila siku kuhusu maisha ya nyumbani. Michezo ya namna hiyo ilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia akina mama wakiwa katika kazi zao za nyumbani, na ndiyo maana mpaka leo zinaitwa tamthilia za sabuni. Phillips huyohuyo ndiye aliyebuni *Guiding Light*, iliyoanza redioni mwaka 1937, ikaingia katika televisheni mwaka 1952, ikaja kukoma mwaka 2009. Miaka 72! Hebu fikiri, msomaji: riwaya ina mwanzo, kati na mwisho, tamthilia ya sabuni ina kati tupu. Mhusika anaolewa, anazaa, anazeeka, na mtazamaji anazeeka pamoja naye. Kwa hiyo malighafi ya fani hii ni wakati, kuliko hata mapenzi na fitina tunazozicheka.

Tofauti yake na taarifa ya habari ilijionyesha waziwazi tarehe 22 Novemba 1963. *As the World Turns* ilikuwa hewani, ikiigizwa mubashara, Nancy Hughes akizungumza na baba mkwe wake, pale sauti ya mtangazaji Walter Cronkite ilipokatiza kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi. Waigizaji hawakujua lolote. Waliendelea na mazungumzo yao. Habari hukatiza, hutaja tukio, kisha hukimbilia tukio jingine. Tamthilia ya sabuni haiwezi kushindana nayo kwa kasi, wala haina haja. Yenyewe inaweza kutuonyesha kile kinachobaki ndani ya nyumba baada ya mtangazaji kuondoka.

Mwandishi aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Agnes Nixon, mwanafunzi wa Phillips katika kazi hii. Mwaka 1962, baada ya rafiki yake kufa kwa kansa, Nixon aliandika katika *Guiding Light* kisa cha Bert Bauer, mama wa nyumbani anayegunduliwa mapema kuwa na kansa ya mfuko wa uzazi kwa sababu alikubali kupimwa. Nixon mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wenye kituo na mdhamini walikubali kwa sharti: lisitajwe neno kansa, wala mfuko wa uzazi, wala jina la ule upasuaji. Angalieni kejeli hiyo: ugonjwa unasimuliwa bila jina lake! Lakini kisa kilieleweka, kwa kuwa mwigizaji Charita Bauer alikuwa amemwigiza Bert tangu mwaka 1950, enzi za redio. Watazamaji hawakuwa wakimsikiliza daktari akihutubia. Walikuwa wakimhofia jirani yao wa miaka 12.

Mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa, Nixon alianzisha *One Life to Live*. Alimwingiza Carla Benari, mwigizaji wa kike aliyedhaniwa kuwa Mzungu mwenye asili ya Italia. Kwa miezi kadhaa mtazamaji alimzoea hivyo, akafuatilia uchumba wake na daktari Mzungu, akashtuka anapoanza kumpenda daktari mweusi. Kisha siku moja Carla anamwita Sadie Gray, mwanamke mweusi, "Mama." Basi! Ufundi hapa haumo katika neno hilo moja, umo katika ile miezi iliyolitangulia. Mtazamaji mbaguzi amekwisha kumpenda Carla kabla hajajua nani anampenda; ubaguzi wake umekamatwa ukiwa umekaa sebuleni kwake mwenyewe.

Hata hivyo, tusisifu tu. Ellen Holly, aliyemwigiza Carla, alichapisha tawasifu yake mwaka 1996, na humo alilalamika kuhusu malipo duni na jinsi waigizaji weusi walivyotendewa katika tamthilia hiyohiyo iliyosifiwa kwa kupinga ubaguzi. Hili ni fundisho kwetu sisi tunaopenda kuchambua maudhui bila kuuliza kazi ya sanaa imezalishwa vipi na nani amelipwa nini.

Sasa tufike kwa Erica Kane. Katika *All My Children*, aliyoianzisha Nixon mwaka 1970, Erica ni msichana mrembo, mbinafsi, mwenye tamaa ya kuwa maarufu. Mwaka 1973, mwaka ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliihalalisha haki ya kutoa mimba nchi nzima, Erica anatoa mimba. Hatoi kwa sababu anaumwa au amebakwa. Anatoa kwa sababu mimba itamharibia kazi ya uanamitindo. Mwandishi hamtetei Erica wala hampigi mawe. Anamwacha aishi na uamuzi wake, na watazamaji wakabaki na uamuzi huo kwa zaidi ya miaka 30, kila mmoja akiupima kwa dhamiri yake. Hilo ndilo ninaloliita kovu.

Halafu waandishi wa baadaye wakafanya nini? Katika miaka ya 2005 na 2006 wakamleta kijana aitwaye Josh Madden na kutuambia kwamba, eti, mimba ile haikutolewa kamwe! Daktari aliihamisha kwa siri ikapandikizwa kwa mke wake, na Josh ndiye mtoto wa Erica. Jamani! Tatizo langu si kwamba kisa hiki hakiwezekani kitabibu. Tamthilia hizi zimejaa wafu wanaofufuka na tunavumilia. Tatizo ni kwamba uamuzi wa mwanamke umefutwa bila yeye mwenyewe kuulizwa, ndani ya hadithi na nje yake. Miaka 30 ya maisha ya Erica imegeuzwa kuwa kosa la kumbukumbu. Na mwaka 2022 mahakama ileile ilipoufuta uamuzi wake wa mwaka 1973, mimi nilimkumbuka Erica. Sisemi kwamba tamthilia ilitabiri. Nasema kuna namna moja ya kufikiri katika mambo yote mawili: kwamba lililoamuliwa na mwanamke laweza kurejeshwa nyuma na watu wengine.

Tuchukue mfano wa tatu, *General Hospital*, iliyoanza mwaka 1963 na ambayo ingali inaonyeshwa. Mwaka 1979 Luke alimbaka Laura. Mwaka 1981 wakaoana, na arusi yao ikatazamwa na watu wapatao milioni 30. Kovu lilifunikwa kwa shela. Ilibidi ifike mwaka 1998 ndipo waandishi walipomrudisha Luke mbele ya mwanawe ajibu kuhusu tendo lile. Walichelewa sana, lakini angalau walikiri kwamba wakati uliopita upo. Tamthilia hiyohiyo ilifanya vizuri zaidi mwaka 1995: Stone, kijana mpole, alikufa kwa UKIMWI, na mpenzi wake Robin akabaki na virusi. Robin alikuwa ameingia katika mchezo mwaka 1985 akiwa mtoto mdogo, akiigizwa na mwigizaji yuleyule. Watu waliomwona aking'oka meno ya utoto sasa walimwona akimeza dawa, akisoma udaktari, na mwaka 2008 akajifungua. Virusi havikusahauliwa kisa kilipokwisha. Hakuna bango la afya linaloweza kufanya kazi hiyo.

Msomaji wa hapa kwetu atauliza: hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha *Twende na Wakati*, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa majira na UKIMWI. Tulipewa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu. Mchezo huo uliandikwa kwa mpango, ukiwa na somo mkononi tangu siku ya kwanza, na watafiti waliupima kwa kuwalinganisha wasikilizaji na watu wa eneo la Dodoma, ambako haukurushwa mpaka mwaka 1995. Walikuta kwamba ulibadili mienendo. Vizuri. Lakini kama mwanafunzi wa fasihi nauliza: ni somo lililowakalisha watu redioni, au ni Mkwaju? Kwa mawazo yangu ni Mkwaju, kwa kuwa maovu yake yalimfuata hatua kwa hatua, haba na haba, mpaka kikajaa kibaba. Pale mhusika anapogeuka kipaza sauti cha mradi, msikilizaji hunyoosha mkono akazima.

Wapo watakaosema kwamba fani inayolipiwa na wauza sabuni haiwezi kusema kweli. Hoja hiyo ni nzito, na kisa cha Bert kinaithibitisha nusu: mdhamini aliyaondoa maneno. Nusu ya pili ni kwamba hakuweza kuuondoa wakati, na wakati ndio uliosema. Kwa upande mwingine, hakuna mdhamini aliyehitajika kumfuta Erica, waandishi walitosha. Kwa hiyo lawama tuzigawe sawasawa.

Ninapendekeza basi tamthilia za mfululizo, za redio na za televisheni, ziingizwe katika kazi zetu za uhakiki, na zihakikiwe kwa kufuatwa miaka mingi, si kwa kutazama sehemu mbili tatu na kutoa hukumu. Walimu wetu watuambie kama hilo linawezekana. Nasi wanafunzi tuanze na Mkwaju na Tunu: tuwatafute waliowasikiliza, tuwaulize wanakumbuka nini.