Mwavuli wa Elena Grimaldi

Picha ya Elena Grimaldi Cattaneo, iliyochorwa na Anthony van Dyck mjini Genoa mwaka 1623 na ambayo sasa imo katika Jumba la Taifa la Sanaa, Washington, aghalabu husomwa kama sifa ya mtu mmoja. Kwa maoni yetu usomaji huo hautoshi, na upungufu wake hudhihirika mara tunapojaribu kuieleza picha hii kwa Kiswahili.

Tuanze na fani. Turubai inapita mita 2 kwa urefu, na mtazamaji amewekwa chini, hata hana budi kumwinulia bibi huyo macho. Vazi lake jeusi la fahari lashuka hadi sakafuni. Weusi huo wavunjwa na ukosi mweupe wa marinda na pindo nyekundu za mikono. Juu yake umetandazwa mwavuli mwekundu. Uondoe mwavuli huo, na kichwa kile kidogo kitapotea baina ya nguzo za jumba na mbingu. Sisi wa pwani hatuhitaji kufunzwa maana yake: Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 walimkuta mfalme ameketi chini ya mwavuli mwekundu wa atilasi.

Lakini mwavuli haujishiki. Umeshikwa na kijana Mwafrika aliyevaa nguo ya rangi ya dhahabu, naye jina lake halikuhifadhiwa. Tumwiteje? Mfasiri atashawishika kuandika "mtumishi", neno la adabu. Na adabu hiyo yaweza kuficha mengi, kwani katika Genoa ya wakati huo watu walinunuliwa na kuuzwa. Akiandika "mtumwa", atakuwa ametamka jambo ambalo turubai yenyewe hailisemi. Zaidi ya hayo, maneno yote mawili yana shina moja, tuma, na "mtumwa" limejengwa kwa kauli ya kutendwa, ilhali katika picha kijana huyu ndiye mtenda: anashika, anafuata, anatazama. Bibi ndiye anayetendewa.

Kwa hiyo twapendekeza "mshika mwavuli". Hatudai kuwa neno hili halina dosari. Nalo pia lamtaja mtu kwa kazi yake tu. Hata hivyo lamweka mahali alipowekwa na mchoraji, nyuma ya bibi, macho yake yakimwelekea yeye, ambaye anatutazama sisi.