Mashindano ya Kuandika na Kazi Inayoyatangulia

Watu wengi wapendao kusoma hudhani ya kuwa hadithi nzuri hutoka katika kipawa tu, na ya kuwa asiyejaliwa kipawa hawezi kuandika hata akihimizwa namna gani. Mimi sikikatai kipawa. Walakini nikivitazama vitabu vya lugha yetu, naona vingi viliandikwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyeagiza kazi, na mwandishi akajua ya kuwa yuko anayeingoja.

Na tuanze hapa kwetu pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwalimu wa Kurani. Katika zamani za Wadachi, Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali yao, aliwaomba Waswahili kadha wa kadha waandike habari za safari zao na desturi zao. Kwa maombi hayo vikapatikana vitabu viwili: Safari za Wasuaheli, mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli, mwaka 1903. Hiki cha pili, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro, kinaeleza kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi, ngoma na mazishi. Nani angaliyaandika hayo bila kuulizwa? Jambo linalojulikana na kila mtu mjini halina mwandishi, maana kila mtu huona haya kumweleza mwenziwe neno alijualo. Ilimpasa Mtoro kuulizwa na mgeni ndipo aone ya kuwa maisha ya Bagamoyo ni habari.

Lakini liko neno la kusikitisha. Vitabu vile vilitoka kwa jina la Velten. Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927, na ilipotolewa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina lake likawekwa mbele ya kitabu. Basi kila aagizaye kazi na aulizwe kwanza: jina la nani litapigwa chapa?

Mfano wa pili u ng'ambo ya bahari, Unguja. Katika mwaka 1957 na 1958 shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki lilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, na Muhammed Said Abdulla akashika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopigwa chapa mwaka 1960. Ni kitabu cha mauaji na fumbo lake. Maiti yaonekana penye mzimu, watu wanashikwa na hofu, naye Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa kutishwa. Auliza, apima, afikiri, hata fumbo likafumbuka. Wako wanaomdharau mwandishi kwa kuwa amemfuata Sherlock Holmes wa Waingereza. Kumfuata amemfuata, lakini maneno ya watu wake ni ya baraza za Unguja, na hayo hayakuazimwa popote.

Sasa, je, ni mashindano yaliyomfanya mtu huyu kuwa mwandishi? Nasema sivyo. Kabla ya kushinda alikuwa amekwisha kufanya kazi ya magazeti miaka mingi, na gazeti halimngojei mtu mpaka moyo wake upende. Siku yake ikifika, maneno yatakiwa. Mkono uliozoea hivyo ndio ulioweza kuimaliza riwaya nzima. Mashindano yalimpa sababu ya kuitunga, na mpiga chapa wa kuitoa. Kadhalika Shaaban Robert: kabla ya vitabu vyake kujulikana, mashairi yake yalikuwa yakisomwa katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923.

Kwa sababu hiyo naitazama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa furaha, na kwa shaka kidogo. Washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili, 2023, katika riwaya na ushairi. Fedha ni nyingi, na jambo lililo bora kuliko fedha ni kwamba kazi iliyoshinda hupigwa chapa. Shaka yangu ni hii: yataka kitabu kizima, kilichokwisha. Kijana wa Saadani au Mlingotini, aliye na visa vitatu katika daftari la shule na taa yenye mafuta haba, atavukaje kutoka daftari hilo hata kurasa mia? Hapana ngazi katikati. Ataandika sura mbili, asipate wa kumsomea, na daftari litafungiwa maandazi. (Nimeyala maandazi hayo.)

Ngazi hiyo yaweza kujengwa kijijini bila fedha nyingi. Mtu mmoja ataje jambo kila mwanzo wa mwezi: jahazi lililochelewa, mgeni aliyekuja usiku wa mvua, deni la mahari. Kila apendaye aandike kurasa mbili, zisizidi, zisomwe mbele ya watu jioni ya Jumamosi ya mwisho, na asiyemaliza asome alipofika. Zilizo nzuri zinakiliwe kwa hati safi, kila moja na jina la mwandishi wake juu, ziwekwe pamoja. Baada ya mwaka mmoja mwandishi mwenye bidii atakuwa na visa kumi na viwili, na anuani ya Tuzo haifichwi.