Takhmisa ya Nguo: Jumba la Anasa, Msanii, na Jina Lililokosekana

Cha kuazima hakistiri maungo, walisema wahenga; lakini majumba makubwa ya mitindo ya Ulaya yamestirika, tena yametajirika, kwa vya kuazima. Huazima mkono wa mchoraji, jicho la mchongaji, hata ulimi wa mshairi, wakavitia katika mkoba au gauni, na bidhaa iliyokwisha zoeleka ikaonekana ngeni. Wenyewe huliita jambo hili ushirikiano. Swali la mhakiki si kama biashara hiyo inalipa, kwani inalipa. Swali ni kazi hiyo ya watu wawili ina uzito gani ikipimwa kwa mizani ya sanaa, na ni nini kinachobaki kwa yule aliyeazimwa.

Mizani hiyo Waswahili wanayo tangu zamani, nayo ni takhmisa. Mshairi wa pili huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akatanguliza mitatu ya kwake yenye kufuata kina cha asili, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ndiyo mfano mashuhuri. Utungo wa aina hii una masharti mawili: maneno ya asili yasalie kama yalivyo, na jina la mwenye asili lisifichwe. Ubora wake nao hujulikana kwa jambo moja. Mishororo mipya ikizindua maana iliyokuwa imelala katika ile ya kale, hiyo ni takhmisa. Ikiwa ya kujaza kina tu, hivyo ni viraka.

Kuoanisha nguo na sanaa si jambo la jana. Mjini Paris, mnamo mwaka 1922, mchoraji Sonia Delaunay alibuni nguo-shairi zilizobeba maneno ya mshairi Tristan Tzara, mwanamke akawa anatembea na beti mwilini. Mwaka 1937 Elsa Schiaparelli alitoa gauni jeupe lililochorwa kambakoche mkubwa, kwa ubunifu wa Salvador Dalí. Hayo yalikuwa mazungumzo ya marafiki, na wanunuzi wake walikuwa wachache. Jumba lililoyageuza kuwa mbinu ya kukuza biashara, tena kwa mafanikio makubwa, ni Louis Vuitton.

Jumba hilo lilianza Paris mwaka 1854 kwa kutengeneza masanduku ya safari. Mwaka 1896 Georges, mwana wa mwanzilishi, alibuni nakshi ya herufi L na V zilizochanganywa na maua, ili kuwakomesha waigaji. Nakshi hiyo ilidumu zaidi ya karne moja kama mishororo miwili isiyoguswa. Ndipo Marc Jacobs, aliyeingia mwaka 1997 kuongoza ubunifu, akamwita Mmarekani Stephen Sprouse. Katika mikoba ya mwaka 2001 Sprouse aliandika jina la jumba juu ya nakshi hiyo kwa herufi za ovyo, kama zile vijana wanazozipuliza kutani usiku. Alama iliyobuniwa kumzuia mhalifu ikachafuliwa kwa idhini ya mwenyewe. Hapa mishororo mipya inabishana na ya kale, na katika ubishi huo ya kale inasikika upya.

Namna biashara inavyofaidika haina siri. Kijana aliyeuona mkoba ule kuwa wa mama yake akauona sasa kuwa wake. Aliyekuwa na mmoja akapata sababu ya kununua wa pili. Na kwa kuwa iliyotolewa ilikuwa michache, kuukosa mkoba kukawa ndiko kuutangaza.

Mwaka 2003 ikafika zamu ya Mjapani Takashi Murakami, aliyezitia herufi zile rangi 33 juu ya turubai nyeupe au nyeusi. Sprouse aliteta na nakshi; Murakami alicheka nayo, akaivua ukali wa ukoo ikawa kama peremende. Mwaka 2007, katika maonyesho yake kwenye jumba la makumbusho la MOCA, Los Angeles, alifungua ndani ya ukumbi duka la kweli la mikoba hiyo. Mtazamaji akashindwa kujua ni wapi sanaa inaishia na biashara inaanzia, na huko kushindwa ndiko kulikokuwa maana ya kazi.

Lakini tungo zilizofuata zina udhaifu. Yayoi Kusama, ambaye kwa miongo mingi nukta zake zilikuwa njia ya kuizamisha nafsi katika ulimwengu, alishirikiana na jumba hilo mwaka 2012, na tena mwaka 2023. Mara hii ya pili roboti lenye sura yake liliwekwa dirishani mwa duka mjini New York, likichora nukta mbele ya wapita njia. Nukta iliyokusudiwa kuifuta nafsi ikawa kibao cha kumtangaza mwenye nafsi. Mwaka 2025 rangi za Murakami nazo zikarudishwa sokoni. Huko si kuongeza mishororo. Ni kurudia kiitikio kwa kuwa hadhira iliwahi kupiga makofi.

Hata hivyo, katika tungo hizo zote, nzuri na dhaifu, jina la msanii halikufichwa. Lilitajwa kwa sauti, kwani jina ndilo lililonunuliwa. Hapo ndipo mpenzi wa ushairi wa Pwani anapolazimika kuitazama upya kanga iliyomo kabatini mwake.

Kanga nayo ni kazi ya ushirikiano: pindo na mji ni vya mchoraji, maneno ni ya mtunzi, mtaji ni wa mfanyabiashara, na mvaaji ndiye mwenye kuisemesha. Ni nguo iliyobeba utungo kwa vizazi kadhaa, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi, na mstari wa taarabu ukiwapendeza watu hauchelewi kufika dukani. Lakini ni jina la nani linalobaki kwenye nguo? Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza Mombasa mwaka 1887, linajulikana Pwani nzima kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla. Mwenye mali ametajwa. Aliyetunga maneno hajulikani, na aliyechora pindo hajulikani.

Upungufu huu si wa adabu tu, una gharama. Chapa ya Suno, iliyoanzishwa New York mwaka 2008 na Max Osterweis na kufungwa mwaka 2016, ilianza kwa kushona mavazi kutokana na kanga alizozikusanya Kenya. Kanga ikishakuwa gauni, maneno yake huweza kukatwa na mkasi katikati ya neno, na hakuna mtunzi wa kuulizwa. Kwa upande wa pili, jumba la Dior lilipoonyesha mavazi yake Marrakech mwezi Aprili 2019, vitambaa vyake vya wax vilitoka kiwanda cha Uniwax cha Abidjan, na jumba likamtaja mshirika wake. Uniwax ilikuwa na jina la kuwekwa mezani. Mtunzi wa kanga analo lipi?

Yuko atakayejibu kwamba kanga haitaki mtunzi, maana nguvu yake ni kuwa maneno yawe ya aliyeivaa, akamfikishia jirani au mume asilotaka kulitamka. Hoja hiyo ni ya kweli, na jina la mtunzi likichomekwa ndani ya ujumbe litauharibu. Lakini washairi wa kale waliweza kujitaja katika ubeti wa mwisho bila kumnyang'anya msomaji utenzi wao. Ukingoni mwa kanga, pale palipochapwa chapa ya mwenye duka, pana nafasi ya kutosha kwa jina la pili.