Sifa kwa Mbunge Anayestaafu

Msomaji, katika hotuba zote zinazotolewa katika Bunge la Kenya, iko moja ambayo aghalabu husikilizwa kwa upole na kusahauliwa kabla ya jua kuchwa. Ni hotuba ya mbunge anayesimama kumsifu mwenziwe anayestaafu. Ndani yake hapagombwi jambo, hapapigwi kura, wala msemaji hakatizwi. Kwa sababu hiyo watu huidhania kuwa ni rahisi. Mimi naiona ngumu kuliko hotuba ya bajeti, na ningependa tuitazame kama tunavyotazama shairi: umbo lake kwanza, kisha maneno yake.

Umbo lake ni la ajabu. Kanuni za Bunge zataka kila msemaji aelekeze maneno yake kwa Spika. Basi anayestaafu hasemeshwi, husemwa. Huketi kitini pake akisikia habari zake zikisimuliwa mtu mwingine, kana kwamba yeye hayupo. Katika ngoma zetu za pwani mambo ni kinyume: mwimbaji humkabili bwana arusi, akamtaja kwa jina na ukoo, naye asifiwaye akatoa tuzo. Sifa ya namna hiyo ina bei, na kila aliyehudhuria anaijua. Sifa ya Bungeni haina tuzo. Anayestaafu hana tena kura ya kumpa msifu wake, wala cheo cha kumwombea. Hapo ndipo penye thamani ya hotuba hii. Na ndiyo maana uongo ndani yake ni aibu maradufu, kwa kuwa ni uongo usio hata na faida.

Sasa maneno yake. Umesikia mara ngapi "mchapa kazi", "mtetezi wa wanyonge", "ataacha pengo lisilozibika"? Hili la mwisho hunichekesha. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru kwamba kiti kikiwa wazi kabla ya wakati wake, uchaguzi mdogo ufanywe katika siku 90. Na anayestaafu mwisho wa muhula, pengo lake huzibwa siku ile ile ya uchaguzi mkuu. Kosa la maneno haya si kwamba ni makubwa mno. Kosa lake ni kuwa yamfaa kila mtu, kama kanzu ya kuazima.

Chukua mfano wa karibu. Ramadhan Kajembe aliingia Bungeni mwaka 1997 kuiwakilisha Changamwe, akachaguliwa tena mwaka 2002 na 2007, akatoka mwaka 2013; alifariki Desemba 2020. Mihula mitatu mfululizo si jambo dogo. Je, mwenziwe angemsifuje alipokuwa akitoka? Akisema, "Alipenda watu wake," nimejua nini? Lakini Changamwe ina sura yake. Ni mlango wa kisiwa cha Mombasa: barabara na reli za kutoka Nairobi hupita huko kabla ya kuvuka Makupa, uwanja wa ndege uko huko, huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963. Mwenyeji wa asili na mpangaji aliyetoka mbali hukaa ukuta kwa ukuta, wote wawili wakitafuta kazi ile ile bandarini. Msifu ajuaye kazi yake angeuliza jinsi mtu mmoja alivyosimama kati ya hao wawili kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Tena kuna jambo jingine. Kwa uchaguzi wa mwaka 2013 jimbo lile liligawanywa, Jomvu ikawa jimbo peke yake. Hilo tu latosha kufungulia hotuba: Bwana Spika, mwenzetu alibeba peke yake mzigo ambao sasa umeonekana wastahili vichwa viwili.

Niliwahi kuwapa wanachuo wangu zoezi la kumsifu mbunge wa kubuni anayestaafu kutoka Likoni, pasipo kulitaja jimbo. Karibu insha zote zingemfaa mbunge wa Mandera. Mmoja tu aliandika juu ya mtu aliyepanga foleni ya feri pamoja na wachuuzi wa samaki, ambaye kila mwaka aliwakumbusha wenziwe Bungeni watu 272 waliokufa maji Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994. Sikuhitaji kuambiwa ni wapi.

Ziko sifa zinazofanana na hizi lakini si hizi. Tarehe 10 Novemba 1964, Ronald Ngala, kiongozi wa Upinzani, alitangaza Bungeni kwamba chama chake cha Kadu kimevunjwa, akavuka na wenzake kujiunga na Kanu. Sifa apewazo mtu siku kama hiyo ni za kukaribisha, maana msifu anajipatia mwenzi. Na mwaka 1966 Ngala akawa Waziri. (Mwalimu huyu, aliyeandika kitabu cha *Nchi na Desturi za Wagiriama* kwa Kiswahili, hakuruhusiwa kusema Kiswahili katika Bunge lile, lugha yetu iliingia humo Julai 1974, naye alikuwa amekwisha kufa.) Ziko pia sifa za tanzia. Karisa Maitha, mbunge wa Kisauni, alifariki Ujerumani Agosti 2004 akiwa Waziri. Marehemu hasahihishi asemwayo. Mstaafu aweza kukunja uso, na uso huo mmoja uliokunjwa humtia msemaji adabu kuliko rungu la Spika.

Kwa hiyo napendelea hotuba ya mpinzani. Mtu wa chama kimoja nawe hukusifu kwa mazoea. Aliyeshindana nawe hana budi kutaja jambo mlilopingana, na namna ulivyopigana.

Kanuni moja zaidi yafaa kukumbukwa: mbunge aliyeanza kwa Kiswahili sharti amalize kwa Kiswahili, na kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, huyachapa maneno yake katika lugha hiyo hiyo. Hana mlango wa kutorokea kwenye Kiingereza akiishiwa. Ndipo "mheshimiwa" huanza kurudi katika kila mstari. Kurasa hizo ziko wazi kwa kila mtu. Zitafute, na usomapo sifa za mbunge yeyote, lifunike jina lake kwa kidole, uone kama waweza kulikisia.