Makofi Hayasomi Kitabu: Maonyesho ya Vitabu na Waandishi Wanaojichapishia

Utangulizi

Mtu akiingia katika maonyesho yoyote ya vitabu katika nchi zetu hizi, ataona mara moja kwamba meza haziko sawa. Ziko meza za makampuni makubwa ya vitabu vya kiada, zenye mabango, mifuko ya bure na vijana waliovaa fulana za kampuni. Halafu, huko pembeni karibu na mlango wa nyuma, ziko meza ndogo ambazo kila moja ina mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mwandishi, mchapishaji, mchukuzi na karani wa mauzo kwa wakati mmoja. Mzazi akisimama mbele yake, swali la kwanza ni: "Hiki kinasomwa shuleni?" Akijibiwa hapana, anakirudisha kitabu mezani taratibu, kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mzazi. Mzazi ana ada ya kulipa na fedha zake ni za kuhesabu. Swali linatuhusu sisi tunaojiita wahakiki. Mara moja nilinunua riwaya katika meza ya namna hiyo. Mwenye kitabu akanipa chenji, akaniambia: "Asante, mdogo wangu. Lakini ukishasoma, uniambie. Tangu nikitoe watu wananipongeza tu." Nilikuwa tayari kumpongeza na mimi, nikanyamaza. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa hoja ya makala haya: kwamba sifa tunazowapa wachapishaji huru na waandishi wanaojichapishia katika maonyesho zimekuwa, kwa sehemu kubwa, njia ya heshima ya kutokusoma vitabu vyao.

Maonyesho na watu wake

Maonyesho ya vitabu si jambo geni Afrika. Yale ya Zimbabwe yalianza Harare mwaka 1983, na kwa miaka mingi yalikuwa mahali ambapo mchapishaji mdogo wa Kiafrika aliweza kukutana na wanunuzi wa nchi nyingine kabla hayajadhoofika katika miaka ya 2000. Yale ya kimataifa ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na yamezoeleka kufanyika Sarit Centre mwezi Septemba. Mwenye kufika hapo atakiri kwamba vitabu vya shule ndivyo vyenye sauti.

Jambo hili lina sababu yake ya kiuchumi. Kitabu cha kiada kina mnunuzi wa hakika, riwaya haina. Ndiyo maana mchapishaji mwenye akili za biashara hukiacha kitabu cha hesabu kiilishe diwani ya mashairi. Hapa Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada iko mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo mchapishaji huru amepoteza ng'ombe wake wa maziwa. Anayebaki kutoa riwaya na tamthiliya katika hali hiyo anafanya kazi ngumu, na hapana ubaya kumpongeza. Ubaya ni pale pongezi zinapokuwa ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Waliotangulia

Tukizungumza habari hizi kana kwamba zimeanza juzi, tutakuwa tumesahau historia yetu. David Maillu wa Kenya alianzisha kampuni yake, Comb Books, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka uliofuata. Vilikuwa vitabu vya bei nafuu kwa makarani na makatibu muhtasi wa Nairobi, na vilinunuliwa kama karanga. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku kwa hoja ya maadili.

Huku kwetu Ben Mtobwa, muumba wa Joram Kiango, aliunda Heko Publishers, na riwaya yake Dar es Salaam Usiku ikatoka hapo mwaka 1990. Baadaye ikatafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Nairobi. Mwenzake Elvis Musiba alikwishampa msomaji wa Kiswahili mpelelezi Willy Gamba tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Gamba anawasaka maadui wa harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Wakati sisi vyuoni tunabishana kuhusu dhima ya msanii katika mapambano, abiria wa basi la mikoani alikuwa anasoma mapambano hayohayo, tena bila kulazimishwa na mtihani.

Sasa tazama jinsi vitabu hivi vilivyopokewa. Chris Wanjala, miongoni mwa wahakiki wakali wa Kenya, alivishambulia vitabu vya aina ya Maillu katika miaka ile ya 1970. Aliviona ni takataka. Wengi wetu leo tungemwona ni mwenye kiburi cha chuo kikuu. Lakini jamani, tusimwonee. Wanjala alivisoma! Aliviona kuwa na nguvu kiasi cha kustahili hasira yake. Kwa sababu alivisoma na kusema, wengine nao walilazimika kuvisoma ili wambishie, na kutokana na ubishi huo fasihi pendwa ikapata nafasi katika mijadala ya kitaaluma. Mwandishi wa leo pale mezani hatukanwi na mtu. Anapewa cheti cha ushiriki, anapigwa picha na mgeni rasmi, anapigiwa makofi, halafu anafunga maboksi yake. Kati ya wawili hao, ni yupi aliyetendewa kama mwandishi?

Uhuru umefanya nini ndani ya kitabu?

Wahakiki wa mrengo wa kushangilia hupenda kusema kwamba kujichapishia ni uhuru. Ni kweli, lakini uhuru ni sifa ya mazingira ya utoaji wa kitabu, sio sifa ya kitabu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza: uhuru huo umefanya nini ndani ya kurasa?

Kwa Maillu jibu linaonekana. My Dear Bottle ni mazungumzo marefu ya mlevi na chupa yake, yameandikwa kwa mistari mifupi kama ushairi, kwa lugha ya kaunta ya baa. After 4.30 nayo inapita njia hiyohiyo ya mistari, ikieleza habari za wakubwa wa ofisi na makatibu wao saa za kazi zikiisha. Fani hiyo isingeelekea kupenya katika kamati ya mchapishaji wa shule wa wakati ule, maana si riwaya hasa, na si diwani kama ilivyozoeleka. Hapo uhuru wa mchapishaji umezaa uhuru wa fani. Unaweza kuchukia maudhui yake, lakini huwezi kusema kwamba kujichapishia hakukubadilisha kitu.

Ukija kwenye vitabu vingi vya meza za leo, jibu si rahisi hivyo. Ninavyovisoma mimi, vipo vyenye Kiswahili kitamu cha mtaani ambacho mhariri mwoga angekipiga pasi hadi kikanyooka na kufa. Vipo pia ambavyo mhusika anafariki sura ya nne, sura ya saba anakunywa chai. Tarehe zinagongana, majina yanabadilika njiani, na mahubiri ya mwisho yanachukua kurasa kumi ambazo hadithi haikuziomba. Makosa haya hayatokani na upungufu wa kipaji. Yanatokana na kutofautisha vibaya mchapishaji na mpiga chapa. Mpiga chapa anapokea faili na fedha, anarudisha nakala. Mchapishaji anasoma, anakataa, anabishana, anamrudisha mwandishi mezani mara tatu. Mwandishi wetu alimtafuta wa pili, akaambulia wa kwanza. Tukimpigia makofi bila kumweleza hayo, anarudi mwakani na kitabu kingine chenye ugonjwa uleule, na akiba yake imepungua.

Kwamba msaada na hukumu vinaweza kwenda pamoja, tunao mfano wetu wenyewe. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991 ulimhakikishia mchapishaji kwamba nakala 3,000 kati ya 5,000 zitanunuliwa na kupelekwa shuleni. Lakini haukununua kila kilicholetwa. Miswada ilisomwa, waandishi, wachoraji na wahariri wakapewa mafunzo, na kazi isiyofaa ilirudishwa. Hakuna aliyeona kwamba kusomwa kwa makini ni dharau.

Hoja mbili za upande wa pili

Hoja ya kwanza huletwa na baadhi ya walimu wetu: kama kitabu kingekuwa kizuri, kingepata mchapishaji. Hoja hii haisimami. Kufikirika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Kama mlango wa mchapishaji ndio mizani ya ubora, basi mswada wa Kufikirika ulikuwa mbovu mpaka 1966, ukawa mzuri ghafla mwaka uliofuata! Mlango unapima mambo mengi: bajeti, mtaala, hofu, na ubora pia. Hauwezi kumfanyia mhakiki kazi yake.

Hoja ya pili ni ya huruma, nayo ni nzito zaidi. Watu husema: yule bwana kauza kiwanja ili kitabu kitoke, wewe mwanafunzi unayekula kwa mkopo unakwenda kumhesabia makosa? Nakiri kwamba hoja hii imenifunga mdomo zaidi ya mara moja. Lakini tuichunguze. Inachukulia kwamba mwandishi alitaka kuhurumiwa, wakati mtu anayetaka huruma haandiki kurasa mia mbili. Anachodai ni kilekile anachopewa yule wa kampuni kubwa: msomaji mzima, asiye na upole wa bandia. Kumnyima hicho kwa sababu ya umaskini wake ni kumwambia kwamba hayumo katika fasihi, yumo katika orodha ya wahitaji.

Hitimisho

Yako mambo ambayo hayahitaji fedha wala mgeni rasmi. Waandaaji wa maonyesho watenge saa mbili kwa siku ambapo vitabu viwili au vitatu vilivyochapishwa na wenyewe vitajadiliwa, mwandishi akiwepo, na wanaojadili wawe wamevisoma mwezi mmoja kabla. Jarida hili nalo lihakiki angalau kitabu kimoja cha namna hiyo katika kila toleo, kwa vigezo vilevile vya fani na maudhui tunavyomhakikia Kezilahabi. Walimu wetu, kwa upande wao, wakubali tasnifu zinazohusu vitabu ambavyo havimo katika orodha ya kozi. Mwanafunzi wa kwanza kuandika juu yake hatakuwa na marejeo ya kunakili, na hilo peke yake litamfaa.

Riwaya niliyoinunua nimeisoma mara mbili. Sehemu ya kwanza, inayohusu kibarua wa bandarini na mkewe muuza maandazi, ni nzuri kuliko nilivyotarajia, hasa mazungumzo yao ya alfajiri. Sehemu ya pili imeharibiwa na msafara wa watu wapya wanaoingia kutoa mawaidha na kutoka. Nimeyaandika hayo kwa mwenyewe, kurasa nne, kwa anwani iliyo nyuma ya jalada. Huenda akakasirika, na ana haki ya kunijibu. Ila safari hii atakuwa anamjibu mtu aliyemsoma.