Champion Hajui Kwamba Atadonolewa

Kila anayeketi kutazama mchezo wa Mekatilili huku Kilifi anajua kuku atadonoa. Watoto wa chekechea wanajua. Akina nyanya waliokuja na viti vyao kutoka nyumbani wanajua. Kijana aliyevaa kofia ya pama na kuitwa Champion ndiye anayejua zaidi, maana mkono wake una alama za mazoezi. Asiyejua ni Champion mwenyewe, na kazi yote ya kijana yule ni kumlinda Champion katika kutojua kwake mpaka mdomo wa kuku umfikie.

Kisa chenyewe hakihitaji maneno mengi. Mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa akiwadai Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi nje ya kwao. Wazee husimulia kwamba barazani akasimama Mekatilili wa Menza, mtu mzima na mjane, akiwa na kuku na vifaranga vyake. Akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja. Mzungu akainama, akadonolewa. Mama akamwambia hivyo ndivyo atakavyofanywa akigusa wana wa Wagiriama. Yaliyofuata yamo vitabuni: viapo vya Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kukamatwa kwake na kupelekwa mpaka Kisii, kutoroka na kurudi kwa miguu, kisha serikali kuilipua kaya kwa baruti Agosti 1914.

Mwigizaji dhaifu utamjua kwa mkono. Unaanza kurudi kabla haujafika. Vidole vimekunjwa, bega limekaza, na jicho linamtazama kuku mama badala ya kifaranga. Ujuzi wake umevuja, na watu wakishauona, kudonolewa kwenyewe kunabaki kelele tu. Kuna kijana wa kikundi kimoja cha Malindi ambaye sichoki kumtazama akiifanya kazi hii. Kwanza anahamishia fimbo mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu mwenye nafasi. Anawaangalia wazee, akidhani amepewa kifaranga kama zawadi ya heshima na baraza linaelekea kuisha vizuri. Ndipo anapochuchumaa, kiganja wazi, macho yote kwenye kifaranga alichokichagua. Kuku anaporuka, kijana anashtuka kwa kweli. Hakujifanya hajui. Alijishughulisha na yale ambayo Champion aliyajua, na nafasi ya kumfikiria kuku ikakosekana.

Wacheza michezo ya kuigiza mezani wanaifahamu sana shida hii ya kumwigiza mtu asiyejua unachokijua wewe. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mhusika hupewa alama za akili, na kwa desturi ya mwanzo zilipatikana kwa kurusha dadu tatu: chini kabisa 3, juu kabisa 18. Mchezaji aliyesoma kitabu anajua zimwi fulani linaponya majeraha yake lenyewe, lisidhuriwe sawasawa ila kwa moto au tindikali. Mhusika wake ametoka shambani jana na hajawahi kuliona. Je, ashike mwenge mara moja? Wengi, wakiogopa kushutumiwa kwamba wanatumia ujuzi wao, humgeuza mhusika kuwa zuzu wa kujikwaa hovyo. Mimi naona wamekosea. Mtu wa shamba ana akili ya shamba, na kutojua jambo moja hakumfanyi mjinga wa yote.

Champion anaharibiwa vivyo hivyo. Wapo wanaomcheza kama mlevi mwenye Kiswahili cha kuchekesha, na watazamaji hucheka kweli. Lakini Champion huyu huyu aliandika kitabu kizima juu ya mila za Wagiriama, kilichochapwa London mwaka 1967. Aliwachunguza, akawaandika. Ukimfanya zuzu, umemnyang'anya Mekatilili ushindi wake, kwa maana kumshinda zuzu si kazi. Kijana wa Malindi anamwachia Champion akili zake zote na kumnyima jambo moja tu, na hapo ndipo unapoona ukubwa wa mama yule.

Upande wa Mekatilili mzigo ni mwingine. Msichana mdogo, hando kiunoni, anamcheza mwanamke aliyeitikisa serikali. Akili hiyo ataitoa wapi? Mezani wachezaji hunong'onezana, mashauri ya watano yakatoka kinywani mwa mhusika mmoja mwenye hekima, nami naliona jambo la haki kabisa. Jukwaani msichana huyu anasaidiwa na wenzake wanaonyamaza anapofungua kinywa, wakamtazama kama mtu wa kutazamwa. Naye hana haraka. Ila sehemu kubwa ya kazi yake anaifanya mchana, watu wakiwa hawajafika. Kuku anamchagua mwenyewe: wa kienyeji, mwenye vifaranga vya siku chache, maana vikishakua mama hupoa. Anamweka tengani na wanawe ili asitengwe nao, na hataki mtoto yeyote amzoee kwa kumtupia mtama. Katika uchaguzi huo anafikiri alivyofikiri Mekatilili.

Hata hivyo kuku hajasoma mchezo. Ndiye dadu yao. Safari moja alifunguliwa, akaenda zake pembeni kuparua mchanga, na Champion akajikuta ameshika kifaranga mkononi bila tatizo lolote. Kijana angeweza kumtafuta kuku kwa macho. Hakumtafuta. Alisimama wima, akakiinua kifaranga wazee wakione, akatabasamu kwa ushindi, kwa kuwa Champion alikuwa ameshinda. Msichana naye hakusogea, wala hakusema neno lililoandikwa kusemwa baada ya kudonolewa. Kifaranga kikalia. Kuku akaja kwa mabawa, akampata kijana kifundoni mwa mkono ule ule ulioinuliwa, kofia ikaanguka, na akina nyanya wakasimama vitini wakipiga vigelegele. Msichana alingoja vinyamaze, ndipo akasema.